Saba Yenye Mkia

Kwanza tulikwangua.
Chande na kisu cha puti, mimi na msasa,
pale Gerezani, nyuma ya duka la vyuma chakavu,
jua la saa nne tayari linadonoa mabati.
Krimu ikatoka. Chini yake bluu ya harusi
(maharusi wangapi walikaa hapa, viatu mkononi?),
chini ya bluu, kijani cha shirika la umma
ambalo halipo tena hata kwenye kibao,
chini ya kijani, kutu,
na kutu haina adabu, imekula mpaka jina.

Pijo ya milango miwili, paa la turubai.
Baba aliiita Bibie, na hakutuambia aliipataje.
Alituachia ufunguo mmoja,
kadi ya gari iliyolainika kama chapati ya jana,
na deni la maegesho.

"Namba ya chasisi ndiyo kitovu," alisema Chande.
Akalowesha kidole mate, akapangusa chuma karibu na betri.
Tarakimu zikachomoza moja moja
kama watoto wanaoitwa baada ya kuvunja kitu:
nne, sifuri, nne tena, halafu saba,
saba yenye mkia uliojikunja kushoto.

Kuna bwana wa Masaki alikuwa na pesa mkononi.
Namba zilandane tu, alisema, nami nalipa leo.

Nikaandika barua Ufaransa.
Miezi mitatu. Vuli ikaja, Msimbazi ukafura,
ukarudi kwao ukaacha matope mpaka kwenye jeki.
Jibu lilikuwa nusu ukurasa:
Injini tunaitambua.
Ilitoka kiwandani mwezi Machi, ndani ya gari la rangi ya mchanga,
ikapakiwa melini kwenda Tanga.
Chasisi hatuijui. Haimo vitabuni mwetu.

Haimo.
Mimi nimekaa na leja miaka kumi na tisa.
Kitu kisichomo kitabuni
ama kimeibwa, ama hakijazaliwa.

Chande akaingia uvunguni na tochi ya simu,
akakaa kimya muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.
"Dada," ikaja sauti, "hili gari lina mama wawili."
Mshono wa kulehemu, toka mlango hadi mlango,
umesuguliwa ukawa laini kama kovu la kisu cha daktari.
Mbele ni ya Tanga. Nyuma haina kwao.

Bwana wa Masaki hakupokea simu tena.

Nikarudi kwenye bahasha za Baba.
Katikati ya bili za maji na ada zangu za shule,
karatasi ya daftari, wino uliofifia:
Kukata. Kuunga. Kuchonga namba. Sh. 740.
Pazi Mwinshehe, fundi, Gerezani. 17/7/77.
Saba tano. Nilizihesabu mara mbili.
Kila moja ina mkia, na kila mkia umejikunja kushoto.

Mwaka ule mpaka ulikuwa umefungwa,
kipuri cha Nairobi kilikuwa hadithi.
Basi mtu nisiyemjua alishika patasi mkono huu, nyundo mkono huu,
akabana pumzi kwa kila tarakimu,
maana chuma hakina ufutio.
Alimzulia Bibie namba. Sijui kama nimwite mwongo.
Baba alimlipa, akaendesha miaka thelathini.

Jana nilikuwa dirishani, Mamlaka ya Mapato.
Fomu inauliza: Mwaka wa kutengenezwa.
Nikaandika 1977.
Inauliza: Mahali.
Kalamu yao imefungwa kwa uzi, na uzi ni mfupi,
ikabidi niiname.
Kijana akasoma kutoka upande wake, kichwa chini miguu juu:
"Dada, hapa wanataka nchi, si mtaa."
Nikamwambia asubiri, bado sijamaliza.
Nikapanda tena juu, kwenye mwaka,
nikazitia mikia.